Kwa nini omeprazoli haizimi kiungulia papo hapo?

Pita Ngamiani, Tanga mjini, jioni wakati mishkaki iko juu ya mkaa na mihogo inamwagiwa pilipili. Rudi saa nne usiku usimame karibu na duka la dawa. "Dokta, nipe ya kiungulia, kifua chawaka moto." Muuzaji anauliza: ya kutafuna au kapsuli? Wengi huchagua kapsuli, maana imesifika kuwa na nguvu. Mtu anameza omeprazoli, analala, na saa nzima baadaye moto uko vile vile. Asubuhi atawaambia majirani kauziwa dawa feki.

Mara nyingi dawa haina kosa. Ametumwa fundi wa bomba kwenda kuzima moto.

Moto wenyewe ni asidi ya tumbo iliyopanda kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambao hauna ute mzito wa kujikinga kama tumbo lilivyo nao. Dawa ya kutafuna ina chumvi za magneziamu, alumini au zote mbili, na zikikutana na asidi huipunguza ukali hapo hapo. Nafuu huja ndani ya dakika chache, ila haidumu, kwa sababu tumbo linaendelea kumwaga asidi nyingine. Na kuna sababu chumvi hizo mbili huchanganywa: magneziamu huharisha, alumini hufunga choo, basi moja humtuliza mwenzake.

Omeprazoli haiigusi asidi iliyokwisha kumwagika. Inazifuata pampu zinazoimwaga, tena kwa njia ya kuzunguka. Kwanza, asidi yenyewe huiharibu, kwa hiyo chembe zilizo ndani ya kapsuli zimevishwa ganda gumu. Zinapita tumboni salama, dawa inafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, kisha inarudi tumboni kwa mlango wa uani, hadi kwenye seli zenye pampu. Ndiyo maana anayezitafuna zile chembe anaiharibu dawa kabla haijaanza safari.

Ikifika, hunasa pampu zilizo kazini tu, na pampu nyingi huingia kazini mtu anapokula. Hapo ndipo unapotoka ushauri wa kuimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, hasa wa asubuhi. Kuimeza usiku baada ya mishkaki ni kuchelewa. Siku ya kwanza pampu nyingine hubaki wazi, hivyo nguvu yake kamili huonekana baada ya siku tatu au nne. Dawa huisha kwenye damu ndani ya saa chache, lakini pampu iliyonaswa ndiyo basi tena. Mwili hulazimika kuunda mpya. Kwa hiyo kwa wengi kidonge kimoja kwa siku chatosha.

Kuinywa miezi na miaka bila daktari ni jambo jingine. Vitamini B12 na magneziamu vinaweza kupungua mwilini, na ukiiacha ghafla asidi inaweza kurudi kwa hasira. Ile ya kutafuna nayo ina lake: hushikamana na antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, visifyonzwe vizuri. Viachanishe kwa saa kadhaa.

Linaloniudhi zaidi ni mteja anayenunua omeprazoli na diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, kwa mkupuo mmoja, bila kuulizwa chochote. Diklofenaki hupunguza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, na huenda ndiyo inayomtoboa. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda vya tumbo ni bakteria, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliwanywa bakteria hao makusudi ili kuthibitisha kuwa wanaudhuru ukuta wa tumbo; akaugua, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria hao huondolewa kwa antibayotiki zikisaidiwa na omeprazoli. Kapsuli peke yake hutuliza maumivu, wao wakabaki.

Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami na hukuwa unatumia vidonge vya damu, au maumivu ya kifua yakishuka mkononi na jasho likakutoka, pita duka la dawa bila kusimama. Nenda hospitali usiku huo huo.