Potasiamu Ikivuja, Kinga ya Mwili Hushtuka

Mtu mwenye jongo aweza kulala mzima, akaamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka ikikigusa analia. Ukichunguza majimaji ya kiungo hicho, kwa kawaida hukuti bakteria. Unakuta fuwele za yureti (chumvi ya asidi ya yuriki), zimechongoka kama sindano. Sasa mwili unapigana na nani?

Jibu limo ndani ya makrofaji, seli za kinga ya asili zinazomeza takataka na vijidudu. Seli hai huhifadhi potasiamu nyingi, takriban milimoli 140 kwa lita, ilhali kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5 tu. Sodiamu ni kinyume chake. Pampu za kwenye utando wa seli ndizo zinazolinda tofauti hiyo: hutoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana. Makrofaji ikimeza fuwele hizo, mizani huvurugika na potasiamu huanza kutoka.

Hapo huamka protini iitwayo NLRP3. Yenyewe haimjui adui kwa sura. Potasiamu ikipungua, hujikusanya na protini nyingine kuunda inflamasomu, ambayo huwasha kimeng'enya kaspesi-1. Kaspesi-1 hukata vitu viwili: interleukini-1 beta, protini ya kuamsha uvimbe, ambayo hapo ndipo hupata nguvu, na gasdemini D, ambayo hutoboa utando ili interleukini itoke. Mishipa midogo hutanuka, seli nyeupe humiminika, homa hupanda. Mara nyingi seli yenyewe hupasuka ikafa.

Mimi naona ni ujanja mkubwa. Sumu za bakteria zinazotoboa utando, ATP (molekuli ya nishati ya seli) inayomwagika kutoka seli zilizojeruhiwa, na fuwele havifanani hata kidogo, lakini vyote huvujisha potasiamu. Kusubiri kumtambua kila adui kungekuwa kuchelewa. Tena kuna tahadhari: NLRP3 haiwaki ovyo mpaka seli iwe imeandaliwa na ishara nyingine ya hatari.

(Tafadhali, usikimbilie vidonge vya potasiamu. Uvujaji huu ni wa seli mojamoja, si upungufu wa lishe, na potasiamu ikizidi kwenye damu huweza kusimamisha moyo.)

Tiba hulenga mbele kidogo ya uvujaji. Dawa iitwayo anakinra huziba kipokezi cha interleukini-1, na madaktari huitumia kwa baadhi ya wagonjwa wa jongo wasioweza kutumia dawa za kawaida.