Aliyezima kwa pombe si wa kuachwa alale

Usiku wa Jumamosi pale Kondele, Kisumu, kijana amekunywa chang'aa hadi akazima. Wenzake wanamburuta ukutani, wanamfunika koti: "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, na bado yananitia hofu.

Usingizi hauondoi pombe. Ini ndilo linaloivunja, tena polepole: takriban nusu ya chupa ya bia ya mililita 500 kwa saa. Kahawa, maji baridi wala makofi hayaliharakishi. Na ile aliyomeza mwisho bado iko tumboni, kwa hiyo kiwango kwenye damu huendelea kupanda hata akiwa amelala.

Kikifika gramu 3 au 4 kwa lita ya damu, na kwa wengine hata kabla ya hapo, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi hulemewa. Mwili unapoa, sukari inashuka. Koo nalo husahau kujikinga: akitapika akiwa chali, matapishi huingia mapafuni.

Basi inama umtazame. Mwite, mfinye. Asipoamka, au akivuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi ikikatika kwa sekunde 10, au ndani ya midomo na kucha vikigeuka samawati, mpelekeni hospitali mara moja. Mlaze ubavu, usimtapishe. Wala usimwache peke yake ukatafute bodaboda, mtume mwingine.