Mafuta ya mimea na afya ya kimetaboliki: yanachukua nafasi ya nini?

Afya ya kimetaboliki ni uwezo wa mwili kupokea chakula, kukitumia na kukiweka akiba bila damu, ini na mishipa kuelemewa. Daktari huipima kwa mambo matano: mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, sukari kabla ya kula, trigliseridi (mafuta yanayosafiri ndani ya damu) na kolesteroli nzuri, yaani HDL. Shinikizo likifika 130 kwa 85, sukari ikifika 5.6 na trigliseridi 1.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mpaka umeshaguswa. Matatu kati ya hayo matano yakienda kombo kwa pamoja, hali hiyo huitwa sindromu ya kimetaboliki, na mtu mwenye hali hiyo yuko karibu zaidi na kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo, hata kama hajisikii mgonjwa.

Mafuta ya kupikia yanaingiaje hapo? Kwanza tuondoe dhana moja: hakuna mafuta ya kupikia yaliyo mepesi. Gramu moja ya mafuta, yawe ya alizeti, mawese au zeituni, ina kalori 9. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Anayemimina bila kupima kwa sababu chupa imeandikwa kuwa mafuta hayo ni ya afya anaongeza nishati ileile kama mwenzake.

Tofauti iko kwenye asidi za mafuta. Kila trigliseridi ni gliserini iliyobeba asidi tatu za mafuta, na kila asidi ni mnyororo wa kaboni. Pale ambapo kaboni zote zimeshika haidrojeni kadiri zinavyoweza, tunasema asidi hiyo imeshiba. Mnyororo wake umenyooka na hujipanga vizuri na wenzake, ndiyo maana mafuta yenye asidi nyingi za namna hiyo huganda kukiwa na baridi. Mnyororo ukiwa na kiungo maradufu, yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili, hujipinda mahali hapo, haujipangi kirahisi, na mafuta hubaki majimaji. Asidi ya oleiki ina kiungo kimoja cha aina hiyo, linoleiki (ya kundi la omega-6) ina viwili, na alfa-linoleniki (omega-3) ina vitatu.

Sasa tazama chupa zenyewe. Mafuta ya kanola yana asidi zilizoshiba asilimia 7 hivi, alizeti kama 10, zeituni kama 14. Mawese yanakaribia nusu. Mafuta ya nazi yanazidi asilimia 80, na ya mise, yaani kokwa za mchikichi, vilevile. Yote ni ya mimea! Kwa hiyo kusema tu kwamba mafuta ni ya mimea bado hujasema yatafanya nini mwilini. Maandishi ya "haina kolesteroli" nayo hunikera, kwa sababu hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kuhesabika, na mnunuzi anaachwa aamini kwamba chupa ile imeishinda nyingine. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Ini lina vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, kolesteroli mbaya, na kuziondoa kwenye damu. Asidi zilizoshiba zikizidi kwenye mlo, vipokezi hivyo hupungua kazi na LDL hubaki ikizunguka. Ukiweka linoleiki mahali pa asidi hizo zilizoshiba, LDL hushuka. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1960 na limepimwa tena mara nyingi.

Ini ndilo linalosahauliwa zaidi katika mazungumzo haya, na mimi ningependa lizungumzwe kwanza. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha jaribio la vijana 39 wenye uzito wa kawaida. Kwa wiki saba walilishwa keki ndogo juu ya mlo wao ili waongezeke uzito makusudi. Kundi moja lilipewa keki za mafuta ya mawese, jingine za mafuta ya alizeti. Sukari na unga vilikuwa sawa, na makundi yote mawili yaliongezeka uzito karibu sawa. Lakini waliokula mawese walirundika mafuta mengi zaidi ndani ya ini na kuzunguka viungo vya tumboni, huku wale wa alizeti wakiongeza zaidi sehemu ya mwili isiyo mafuta, ikiwemo misuli. Ini lililojaa mafuta hupoteza usikivu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu: huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata pale insulini inapoliambia liache, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi.

Hapo ndipo lilipo swali ninaloliona kuwa kuu: mafuta haya yamechukua nafasi ya nini? Alizeti ikiwekwa mahali pa siagi au mafuta ya nazi, vipimo vya damu huelekea kuwa vizuri. Ikiongezwa juu ya siagi ileile, umeongeza kalori tu. Na mtu akipunguza siagi kisha akajaza nafasi yake kwa sukari na wanga uliokobolewa, LDL inaweza kushuka kidogo, lakini trigliseridi hupanda na HDL hushuka, kwa hiyo moyo haupati nafuu ya maana. Tafiti nyingi za lishe huonekana kupingana kwa sababu hazikulinganisha vitu vilevile.

Wapo wanaodai kwamba omega-6 huwasha mwili kwa ndani na kuleta kisukari. Hoja yao ni kwamba linoleiki inaweza kugeuzwa kuwa asidi ya arakidoniki, inayotumika kutengeneza kemikali za uvimbe. Mwili, hata hivyo, hudhibiti mageuzi hayo kwa ukali, na majaribio ya kuongeza linoleiki kwenye mlo hayakuonyesha alama za uvimbe kupanda. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha tafiti 20 na karibu watu 40,000 uliona kwamba wenye linoleiki nyingi kwenye damu na tishu walipata kisukari cha aina ya 2 kwa kiwango kidogo zaidi. Huo si ushahidi wa sababu na matokeo, lakini hauungi mkono hofu hiyo.

Madhara yasiyo na ubishi yalitoka kiwandani. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya majimaji kwa kuyaongezea haidrojeni. Mchakato huo usipokamilishwa huacha mafuta ya transi, ambayo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003: gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, na asidi zilizoshiba zisizidi 10. Kwenye orodha ya viambato tafuta maneno "yaliyoongezewa haidrojeni kwa sehemu". Ukiyakuta, rudisha pakiti rafuni.

Moto nao una lake. Viungo maradufu ndivyo vinavyoshambuliwa na oksijeni, hivyo mafuta yenye linoleiki nyingi huharibika haraka yakikaangiwa tena na tena. Kwa kukaanga kwa moto mkali, aina za alizeti zilizozalishwa ziwe na oleiki nyingi, au zeituni, huvumilia zaidi. Yakianza kuwa mazito, kutoa povu na kufuka moshi mapema kuliko yalivyokuwa mapya, yamwage.