Sindano hazirudishi homoni, jamani

Safari hii nimeletewa tangazo la kwenye simu: “Rudisha homoni zako kwa akupancha, hedhi irudi kama zamani.” Aliyelileta ni mteja wangu mwenyewe, aliyekoma hedhi, tena kwa furaha, akitaka nimwongezee sindano, maana akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ndiyo kazi yangu.

Hedhi ikikoma kwa sababu ovari zimeishiwa mayai, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na haipandi kwa kuchomwa mguuni, mgongoni wala utosini. Nukta ya Sanyinjiao, pale juu ya kifundo cha mguu, nimeichoma kwa wanawake wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijaona hata mmoja aliyeanza upya siku zake kwa mkono wangu. Tena naomba asitokee! Mama aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata matone, hajarudi usichana. Anatakiwa aonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake, mji wa mimba upimwe, maana mara nyingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya saratani. Mara nyingi si saratani, lakini mwenye mamlaka ya kukuambia hivyo si mchoma sindano. Anayempigia vigelegele kwamba tiba imejibu anamchelewesha hospitali.

Basi kwangu mnafuata nini? Joto. Lile linalopanda kifuani ghafla, shingo na uso vinalowa, na usiku shuka linabadilishwa. Kwa kifupi, estrojeni ikishuka haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, inakuwa na hamaki: badiliko dogo la joto la mwili inalifanya dharura, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Hapo sindano huenda zikasaidia. Ukavu wa uke hazigusi. Mifupa inayodhoofika hazigusi.

Hiyo “huenda” ndiyo inayoninyima raha. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa North Carolina, Marekani, wenye wanawake 209. Waliochomwa, hadi mara 20 ndani ya miezi 6, vipindi vyao vya joto vilipungua kwa asilimia 36.7, kwa waliosubiri zamu yao viliongezeka kidogo. Wenzangu wa fani huubandika ukutani. Mwaka huohuo, Australia, wanawake 327 waligawanywa: hawa sindano za kweli, wale sindano butu zinazogusa ngozi bila kupenya, mara 10 katika wiki 8. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya kama asilimia 40. Huo sijaona ukuta ulipobandikwa.

Utetezi wetu naujua, nimeutoa mwenyewe mbele za watu: sindano butu nayo inabonyeza ngozi, neva zinasikia, kwa hiyo si bandia kamili. Hoja ina uzito. Lakini ukiisukuma mpaka mwisho inakugeukia. Kama kubonyeza kunatosha, miaka ile yote ya kukariri njia za qi, ile nguvu ambayo tiba ya Kichina husema inapita mwilini, na kubishana juu ya upana wa kidole kutoka kwenye mfupa ilikuwa ya nini? Sina jibu linaloniridhisha. Pengine ni kulala kimya nusu saa chini ya feni, bila mtu kukuita mama, bibi wala shemeji. Pengine ni kuulizwa, kwa mara ya kwanza, usingizi ukoje. Nafuu ya mteja siitilii shaka hata kidogo, shuka kavu ni shuka kavu. Ninachokitilia shaka ni kama ncha ya sindano ndiyo inayostahili sifa zote tunazoipa.

Na tusidanganyane: kidonge au kiraka cha estrojeni kinazima joto kuliko mimi. Wapo wasioruhusiwa kukitumia, hasa waliougua saratani ya matiti, na hao ndio ninaowapokea kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu sindano safi ya kutumika mara moja, mikononi mwa aliyesomea, haina madhara makubwa. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, niambie kabla sijafungua pakiti.

Kwa wale wa North Carolina nafuu ilifika kileleni baada ya kama mara nane. Kwa hiyo ukifika ya kumi bado unaamka umelowa, sitakuuzia kumi nyingine. Nenda kazungumze na daktari kuhusu estrojeni yenyewe.