Shabaha ngumu si lazima iwe ya mbali: upinde kwenye gemu za Zama za Kati

Wapiga upinde wengi kwenye gemu za mapanga za mtandaoni hupima ugumu wa shabaha kwa umbali tu. Mimi nina kipimo kingine: mshale ukishaachiwa, huyu mtu ana nafasi gani ya kubadili njia kabla haujamfikia? Anayepanda ngazi ya ukutani mita 60 kutoka ulipo ni mawindo rahisi kuliko aliye mita 15, anayeyumba kushoto na kulia huku amekukodolea macho.

Tuanze na hesabu. Kila gemu ina kasi yake ya mshale, kwa hiyo chukua namba hizi kama mfano: mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde, na mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde. Akiwa mita 40 na anakatiza mbele yako, mshale utachukua sekunde 0.8, naye atakuwa amesogea mita 4. Ndiyo kusema unalenga mahali patupu, mbele yake kwa takriban upana wa mabega mara nane. Akikimbia mshazari kwa nyuzi 45, mita 4 zinashuka kuwa 2.8. Akija moja kwa moja kwako, hakuna cha kumtangulia. Kinachobaki ni mshale kushuka.

Na kushuka huko hakuendi sambamba na umbali. Kwa mvutano wa kawaida wa dunia, mshale huo unashuka karibu sentimita 80 ukifika mita 20, lakini mita 40 unashuka zaidi ya mita 3. Umbali mara mbili, kushuka mara nne. Ndiyo maana kukosea makadirio kidogo kunaumiza zaidi mbali: ukidhani yuko mita 40 kumbe yuko 44, mshale unatua kama sentimita 35 chini ya ulipokusudia. Ulilenga kichwa, umepata kifua. Ulilenga kifua, bado umempata. Kwa hiyo mbali lenga kifua, na tamaa ya kichwa iache kwa waliosimama.

Namba za gemu yako zipate mwenyewe kwa jaribio la dakika kumi. Ingia kwenye seva tupu na mwenzako. Akimbie sambamba na ukuta, naye awe kati yako na ukuta huo, wewe simama hatua 40 pembeni. Piga mishale mitano ukiwa umeweka alama ya kulengea juu ya mwili wake kabisa, bila kumtangulia. Mishale itachomeka ukutani nyuma yake. Hesabu ni mabega mangapi yanaingia kati ya mishale na alipokuwa wakati inapiga ukuta. Hicho ndicho kipimo chako kwa umbali huo. Rudia kwa hatua 20. Ukuta uwe karibu naye sana, la sivyo unapima ukuta badala ya mtu. Kumbuka pia pingi, yaani muda ambao taarifa huchukua kati ya kompyuta yako na seva: mshale ukihesabiwa na seva, ucheleweshaji wa milisekunde 100 unatosha mkimbiaji wetu kusogea nusu mita, na nusu mita ni mwili mzima. Kipimo ulichopata kwenye seva ya karibu hakikufai kwenye seva ya mbali.

Sasa nani apigwe? Wa kwanza kwangu ni mpiga upinde wa upande wa pili. Ili akulenge vizuri lazima atulie, na akishavuta upote macho yake yote yako kwenye tundu dogo la skrini. Wanaofuata ni wanaoendesha mtambo wa kurushia mawe, wanaosukuma gari la kubomolea lango, na wanaofunga majeraha pembeni. Wote wamefungwa na kazi.

Mwenye ngao ni shida, hasa kwenye gemu ya Mount & Blade: Warband, ambako hata ngao iliyovaliwa mgongoni inazuia mshale. Usimpige kwa hasira. Subiri ainue silaha kumshambulia mwenzako. Ngao inashuka, naye hawezi kupiga na kujikinga kwa wakati mmoja. Mpanda farasi anayekatiza usimlenge yeye, lenga farasi: mwili ni mkubwa, na farasi akifa aliye juu anamwagwa chini. Kwenye gemu ya Chivalry: Medieval Warfare ya mwaka 2012, Man-at-Arms, yule askari mwepesi, ndiye anayepoteza mishale yenu mingi, kwa sababu ana ule mruko wa ghafla wa pembeni. Ukimwona amekugundua, mwache. Knight mzito anakwenda polepole, lakini deraya yake inahitaji mshale wenye ncha nyembamba ya kutoboa. Ncha pana iwekee wenye nguo nyepesi.

Anayeyumbayumba makusudi anahitaji subira. Kama gemu ina uzito wa mwili, yaani mtu hupunguza mwendo kabla ya kugeuka, piga ukingo wa myumbo wake, pale anapokaribia kusimama. Kama kugeuka ni papo hapo, hakuna ukingo wa kutumaini. Tafuta mwingine.

Kupiga ndani ya mapigano ya ana kwa ana ndiko kunakowatia wapiga upinde lawama, na kwa haki. Kwenye seva ambazo mshale unamdhuru hata mwenzako, wawili wanaopigana wakiwa kwenye mstari mmoja na wewe hawapigiki, hata kama adui anaonekana juu ya bega la rafiki. Wanazunguka, na sekunde moja inatosha wabadilishane nafasi. Zunguka wewe hadi uwaone ubavuni, mmoja kushoto, mwingine kulia, na mwanya kati yao. Kisha lenga ubavu wa nje wa adui, ule ulio mbali na mwenzako, ili mshale ukikosa uende nje. Wakati mzuri ni pale adui anaporudisha upanga baada ya kukosa: miguu imenata, na mwenzako kwa kawaida anarudi nyuma nusu hatua.

Usishike upote umevutwa ukisubiri bahati. Warband inakuadhibu waziwazi: alama ya kulengea inabana, inatulia kidogo, kisha inaanza kupanuka tena. Vuta pale shabaha inapokaribia sehemu uliyochagua, si pale unapoiona mara ya kwanza. Baada ya mishale mitatu au minne kutoka dirisha lile lile, hama, maana wapiga upinde wa ng'ambo nao wanatafuta mtu aliyetulia. Na ukimwona mwenye upanga anakuja huku umebakiwa na hatua kumi, unao mshale mmoja tu. Mpige kifuani anaponyooka mlangoni, weka upinde, chomoa kisu.