Kwa Nini Methadoni Hunywewa Dirishani: Ufafanuzi kwa Familia za Wagonjwa

Katika miezi ya karibuni dirisha letu la kutolea dawa limepokea malalamiko mengi kutoka kwa familia za wagonjwa wanaotibiwa uraibu wa heroini, na karibu yote yanafanana: kwa nini kijana atoke Likoni, Mombasa, kila siku, avuke feri na kupanda matatu mbili ili anywe methadoni, dawa ya dakika moja, ilhali angeweza kupewa chupa ya wiki nzima akaiweka kabatini? Swali hili lina haki ya kujibiwa kikamilifu, kwa kuwa nauli ya kila siku ni mzigo mzito kwa mtu asiye na kazi, na mara nyingi anayeibeba ni mama yake.

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, ila hufanya kazi polepole na athari yake hudumu kwa saa 24 hadi 36. Heroini humwisha mtumiaji mwilini baada ya saa chache, arosto, yaani mateso ya kuikosa, ikamshika, naye akarudi maskani kwa watumiaji wenzake kutafuta nyingine, hata kwa kuiba. Mgonjwa wa methadoni akishafikia kipimo kinachomtosha, ambacho kwa wengi ni kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, arosto hukoma, hamu hupungua, naye huweza kulala usiku na kwenda kazini asubuhi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Kenya ilianza kuitoa katika Hospitali ya Mathari mnamo Desemba 2014, kabla ya huduma hiyo kufika Pwani. Kwa hivyo wanaosema kwamba mgonjwa ametolewa kwenye unga wa mtaani, yaani heroini, akatiwa kwenye unga wa serikali wanakosea, na kauli hiyo tumeijibu mara nyingi mno. Naomba isisemwe tena mbele ya mgonjwa. Wapo waliokuwa wakiendelea vizuri, wakaacha dawa kwa kuona haya ya maneno ya nyumbani, kisha wakarudi kwenye sindano.

Sasa kuhusu kabati. Kipimo anachokunywa mgonjwa aliyezoea kinaweza kumuua mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za aina hiyo, na kiasi kidogo zaidi humuua mtoto. Methadoni ni dawa ya maji, na mtoto anaweza kuidhania sharubati ya kikohozi. Hata mgonjwa mwenyewe huanzishwa kwa miligramu 20 au 30 tu na kuongezwa taratibu, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini, na kilichoonekana kidogo siku ya kwanza kinaweza kuwa kingi siku ya nne.

Utaratibu wa dirishani ni huu. Mfamasia huhakikisha jina na picha ya mgonjwa, kisha humtazama: akiwa anasinzia, ulimi wake mzito au ananuka pombe, dawa husimamishwa mpaka aonwe na daktari. Akiwa sawa, hupimiwa kipimo chake, hukinywa pale pale, kikombe hicho hicho hutiwa maji kidogo akayanywa pia, halafu huulizwa jambo lolote ajibu kwa sauti, ili ijulikane kwamba hakuna kilichobaki mdomoni. Haya hufanyiwa kila mgonjwa, na hayamaanishi kwamba anashukiwa.

Malalamiko ya pili yanahusu wagonjwa wanaokosa kuja, wakirudi wanakuta kipimo kimepunguzwa, nao hudhani wameadhibiwa. Hakuna adhabu hapo. Mwili hupoteza mazoea upesi, na kipimo cha juma lililopita kinaweza kumkatisha pumzi leo. Kwa kawaida aliyekosa siku moja au mbili huendelea na kipimo chake. Aliyekosa siku tatu au nne huonwa na daktari kwanza na kipimo hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Aliyekosa siku tano au zaidi huanzishwa upya kutoka chini. Anayesafiri, iwe ni kwa mazishi Malindi au kwa kazi Nairobi, aje mapema kuomba barua ya uhamisho wa muda inayotaja kipimo chake na tarehe aliyokunywa mara ya mwisho, ili kliniki ya huko impokee. Asiyekuja na barua hiyo hatapewa dawa huko mpaka kipimo chake kithibitishwe, na watumishi wa huko wasilaumiwe.

Ifahamike pia kwamba methadoni imo katika jedwali la Sheria ya kudhibiti mihadarati ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana nayo bila idhini na kifungu cha 4 kinahusu ulanguzi, na katika sheria hiyo ulanguzi haumaanishi kuuza tu, bali pia kumpa au kumpelekea mwenzako. Mgonjwa anayeficha dawa mdomoni ili amtemee rafiki mwenye arosto huenda anafanya hivyo kwa huruma, lakini amejiweka chini ya kifungu cha 4, na rafiki huyo anaweza kufa usiku huo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu, ambavyo mtaani huitwa bugizi. Baadhi ya familia huvinunua kemisti bila cheti cha daktari ili kijana atulie nyumbani. Vidonge hivi vikikutana na methadoni, au na pombe, kupumua hupungua mpaka kukoma, na mtu huonekana amelala tu, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikigeuka rangi. Mlazeni ubavu, mwiteni kwa nguvu, na mumkimbize hospitali, ambako kuna naloksoni ya kuzuia athari za methadoni na heroini. Kwa upande wa pili, aliyetumia bugizi kila siku kwa muda mrefu asikatizwe ghafla, kwani anaweza kupatwa na kifafa. Hupunguziwa hatua kwa hatua.

Wagonjwa wengi wa uraibu wana pia ugonjwa wa akili unaohitaji dawa zake. Kumsagia mtu haloperidoli, moja ya dawa hizo za akili, na kumtilia katika chai bila yeye kujua si tiba: siku akigundua hukataa dawa zote na chakula cha nyumbani pia, na Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamtambua mwenye uraibu kuwa mgonjwa mwenye haki ya kushirikishwa katika matibabu yake. Anayesahau vidonge aulize kuhusu sindano ya kila mwezi. Anayetafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, huku akitumia dawa hizi atuambie, kwani huchochea dalili zile zile tunazozitibu. Na anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu atuambie siku hiyo hiyo, kwa sababu rifampisini, moja ya dawa hizo, hulifanya ini kuivunja methadoni haraka, arosto ikarudi, na familia ikadhani kijana amerudi kwenye unga.

Kuhusu Ramadhani, wanaofunga wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili saa ya kunywa dawa izungumzwe na wasijikatie wenyewe. Wanaotumia lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, wawe waangalifu zaidi, hasa Ramadhani ikiangukia miezi ya joto kali, kwa sababu maji yakipungua mwilini lithiamu hupanda katika damu. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, au mgonjwa akitapika, akiharisha au akipepesuka, afungue saumu, asimeze kidonge kinachofuata, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu.