Tuta la majaribio mtaani kwenu: liacheni lifanye kazi

Kila shule zinapofunguliwa, barua za kuomba matuta huongezeka. Zinatoka serikali za mitaa, kamati za shule, na siku hizi hata makundi ya WhatsApp ya wakazi, ambayo kwa bahati mbaya hayana muhuri. Zote sisi wahandisi wa barabara tunazisoma. Tatizo ni kwamba nyingi huja na jibu mkononi, "tunaomba matuta matano", bila kusema gari zipi zinapita kasi, saa ngapi na wapi. Na mhandisi akiamua kufanya majaribio kwanza kabla ya kumwaga zege au lami, mtaani inatafsiriwa kwamba serikali imeishiwa hela. Si hivyo. Tuta la kudumu likikosewa mahali, kulibomoa na kurudisha lami ni gharama ya pili kwa kosa moja. Tuta la majaribio huondolewa kwa spana.

Tuanze na mamlaka, maana hapo ndipo barua nyingi hukwama. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, zikiwamo karibu zote zinazopita katikati ya makazi, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017. Ombi lizungumzwe kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, upite kwenye kata, kisha ufike kwa mamlaka ya barabara husika. Ambatisha mahudhurio. Taja kipande cha barabara kwa vitu visivyohama: kutoka shuleni hadi msikitini, kutoka kisimani hadi njia panda. Duka hubadilisha jina, na kibanda cha chipsi kinaweza kisiwepo fundi akifika. Wingi wa saini tunauheshimu, lakini saini mia tatu hazibadilishi kasi ya gari hata moja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, mwendo wa juu kwenye maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Wapo wanaodhani hiyo 50 ni ruhusa ya kuifikia popote, hata kwenye uchochoro wenye watoto wanaocheza rede. Hiyo ni kikomo. Azimio la Stockholm la Februari 2020 linataka kilometa 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu na magari wanachangia njia, na sababu yake ni hesabu ya kawaida. Dereva anayehitaji sekunde moja kushtuka kabla hajakanyaga breki, akiwa kwenye 50 atakuwa ameshasafiri karibu mita 14. Kwenye 30 ni mita 8 na kidogo. Kishindo nacho hakipandi sawa na mwendo: gari la 50 linabeba nguvu ya mgongano karibu mara tatu ya lile lile likiwa kwenye 30. Ndiyo maana majaribio yetu hulenga 30, hata pale ambapo kibao kinasema 50.

Sasa, majaribio yenyewe. Kabla ya kuweka chochote tunapima hali ilivyo. Tunalaza mirija miwili ya mpira kukatiza barabara. Tairi likiikanyaga, msukumo wa hewa unasajili muda, na muda kati ya mrija wa kwanza na wa pili unatoa mwendo. Mirija hiyo haina umeme, haina kamera, haiandiki namba ya gari, na haifai kufungia mzigo kwenye pikipiki. (Hili tunalisema kwa sababu inabidi lisemwe.) Watoto wakiruka juu yake tunapata "magari" ambayo hayakuwepo. Tochi ya kupimia mwendo tunaitumia pia, ila dereva wa mjini akiona mtu kavaa kizibao chenye kung'aa huanza kuendesha kama anafanya mtihani wa leseni, na taarifa inakuwa ya heshima badala ya kuwa ya kweli.

Hatutumii wastani peke yake. Barabara yenye foleni asubuhi na mbio usiku inaweza kuwa na wastani mzuri kabisa. Tunachukua mwendo ambao magari 85 kati ya kila 100 hayauzidi, kisha tunaangalia wale 15 waliobaki wanafanya nini, kwa kuwa mara nyingi hao ndio waliowafanya wakazi waandike barua. Hatupimi likizo za shule, wala wiki ambayo mvua za masika zimekata njia jirani, wala siku za gulio. Mwezi wa Ramadhani saa za msongamano huhama, kwa hiyo nao tunauepuka. Mkazi anayeuliza "mbona hamji?" wakati shule zimefungwa, jibu ndilo hilo.

Baada ya hapo tunaweka vifaa vya muda: tuta la mpira linalofungwa kwa boliti, nguzo za plastiki za kubana njia, matairi yaliyopakwa rangi, mistari ya chokaa au rangi, na vibao vya tahadhari kabla ya kufika. Vinakaa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza karibu kila tuta linafanikiwa, kwa sababu ni geni. Tunachokitafuta ni wiki za baadaye, dereva akishalizoea. Wengi hapa hutushangilia mapema mno, wengine hutulaumu mapema mno, na wote wawili wanatuma ujumbe ule ule wa sauti kwa mwenyekiti.

Kasi juu ya tuta si swali gumu. Maswali magumu yako pembeni. Tuta lazima liache nafasi ukingoni ili maji ya mvua yapite kwenda mtaroni. Ukiliziba, masika ya Dar es Salaam yatakutengenezea bwawa mbele ya geti. Lakini nafasi hiyo hiyo ndiyo bodaboda wanayoipenda, na kando ndiko anakotembea mama mwenye mtoto. Tukiona pikipiki zinakimbilia huko, tunasimika nguzo fupi na kupima upya. Gari la wagonjwa nalo linapita vipi? Pengine jibu ni tuta la vipande, ambalo magari mapana huliweka katikati ya magurudumu. Fuso zikifunga breki saa nane usiku jirani na chumba cha kulala, hilo nalo linaandikwa.

Halafu kuna mtaa wa pili. Mitaa ya Sinza na Kijitonyama, kwa mfano, ina njia nyingi zinazotumika kukwepa foleni za barabara kubwa zinazoizunguka. Ukipunguza mwendo kwenye njia moja ya mkato, wenye haraka wanahamia inayofuata. Kwa hiyo mirija yetu inalazwa pia kwenye mitaa ambayo haikuomba chochote, na wakazi wa huko wasishangae. Kuhamisha hatari kutoka kwa walioandika barua kwenda kwa wasioandika si mafanikio.

Tuta la kujijengea ni suala jingine, na hapa tutakuwa wazi. Magogo, mawe yaliyofunikwa udongo, zege lililomwagwa usiku: tunayakuta. Umbo la tuta lililotokana na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1973, na ambalo bado ni rejea ya wahandisi, lina urefu wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari, kwa kimo cha sentimita 10, ili gari lipande na kushuka taratibu. La kienyeji huwa jembamba na la wima kama ukuta uliolala. Dereva wa gari analisikia kiunoni, wa pikipiki usiku halioni kabisa. Kujenga, kuchimba au kuharibu chochote ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na nia njema haigeuzi kosa kuwa kibali. Mhusika anaweza kushtakiwa, na pia kudaiwa gharama za kurejesha barabara. Kung'oa au kusogeza vifaa vya majaribio kunaangukia humo humo. Dereva anayezidi mwendo huandikiwa faini ya Sh30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kuwa Sh10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi, na kuchelewa huongeza deni. Trafiki ndio wenye kazi hiyo. Wahandisi hawaandiki faini, msiwakimbie.

Mara kwa mara tunaombwa rasta, yaani vituta vidogo vidogo vilivyopangwa mfululizo, badala ya matuta. Zina kazi yake: kwenye makutano ya Suhum, barabara ya Accra hadi Kumasi nchini Ghana, ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55 baada ya kuwekwa. Ile ni barabara kuu. Mtaani, mngurumo wake mchana kutwa utawafanya nyinyi wenyewe muandike barua ya pili.

Na majaribio yanaweza kuonyesha kwamba tuta halihitajiki. Mpango wa SARSAI, wa usalama barabarani kuzunguka shule, wa taasisi ya Amend, ulioanza kwenye shule za msingi za Dar es Salaam na kupata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ulitumia matuta, ndiyo, lakini pia njia za waenda kwa miguu, nguzo, na hata kuhamisha geti la shule litazame barabara yenye magari machache. Mtaa ukiambiwa ufumbuzi wake ni geti, haujanyimwa kitu.

Majaribio yakiendelea, endesheni na tembeeni kama siku zote. Boliti ikichomoza au kibao kikianguka, toa taarifa ofisi ya mtaa siku hiyo hiyo ukitaja saa na mahali. Maoni yaandikwe kwenye daftari lililopo hapo ofisini. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye ripoti, ya baraza la kahawa hayaingii. Vifaa vikiondolewa vinarudi stoo kwa ajili ya mtaa mwingine. Matairi hatugawi.